Jiko la Sumu: Gazeti Lililomjua Hitler Mapema

Kabla Hitler hajawa Hitler wa vitabu vya historia, alipokuwa bado jamaa wa kupiga kelele kwenye kumbi za bia za Munich, kulikuwa na gazeti moja la mji huohuo lililokuwa limeshamkaba koo. Liliitwa Münchener Post. Lilitoka kila siku, likamfuata mguu kwa mguu kwa zaidi ya miaka kumi. Lilianika ugomvi wa ndani ya chama chake, pesa zake, vijana wake wa kupiga watu mitaani, na hata mipango yake juu ya Wayahudi. Mwishowe, jioni ya tarehe 9 Machi 1933, vijana haohao waliingia ofisini kwa gazeti, wakavunja walichokikuta, na mchezo ukaishia hapo.

Hadithi hii imekataa kunitoka. Manake sisi tumelelewa na wazo kwamba wananchi wakiambiwa ukweli, wataamka. Kila mara kashfa inapofichuliwa hapa kwetu utasikia mtu akisema, "Angalau sasa watu wamejua." Haya, watu wa Munich waliambiwa. Waliambiwa mapema, kwa majina na kwa tarehe, kila asubuhi, kwa bei ya gazeti. Kwa hivyo mimi nimeacha kuuliza kama kulikuwa na waandishi jasiri. Walikuwepo, tele. Swali langu ni lingine: gazeti lenyewe lilisomwa na nani?

Tuanze mwanzo. Münchener Post lilianza mwaka wa 1888. Munich ni mji mkuu wa Bavaria, jimbo la kusini mwa Ujerumani, lenye Wakatoliki wengi na, enzi hizo, mfalme wake mwenyewe. Mwaka huo sheria ya Bismarck ya kuwabana wasoshalisti ilikuwa bado inauma. Ilitungwa mwaka wa 1878 na haikuondoka hadi 1890. Mikutano yao ilipigwa marufuku, magazeti yao yakafungwa. Gazeti likazaliwa katikati ya mbano huo, likakua kuwa sauti ya chama cha SPD, yaani Wasoshalisti wa Kidemokrasia, katika mji ambao wenye nguvu wengi hawakuwapenda.

Wasomaji wake walikuwa wafanyakazi: watu wa viwanda vya bia, wa karakana za vichwa vya treni, wapiga chapa, mafundi wa ujenzi, makarani wadogo. Walilinunua kwa kulipia kila mwezi, au walilikuta kwenye kilabu cha chama likipita mkono kwa mkono. Ndani yake mlikuwa na habari za mishahara na migomo, bei ya mkate, mijadala ya bunge, na matangazo ya mikutano ya vyama vya wafanyakazi. Lakini usidhani lilikuwa gazeti la kupiga porojo za siasa tu. Kuanzia mwaka wa 1910 aliyeandika uhakiki wa tamthilia alikuwa Kurt Eisner, mtu wa ndevu na miwani ambaye miaka minane baadaye aliongoza mapinduzi yaliyomwondoa mfalme wa Bavaria. Ukurasa wa utamaduni baadaye ukashikwa na Julius Zerfaß, mtunza bustani kwa taaluma na mshairi kwa moyo. Wazo lilikuwa kwamba mfanyakazi anahaki ya mashairi kama alivyo na haki ya mshahara.

Eisner hakukaa. Tarehe 21 Februari 1919, akiwa njiani kwenda bungeni kujiuzulu baada ya kushindwa kwenye uchaguzi, alipigwa risasi na kijana wa ukoo wa kikabaila. Muda mfupi baadaye, ndani ya bunge lenyewe, Erhard Auer, kiongozi wa SPD wa Bavaria aliyekuwa mtu mkubwa wa Münchener Post, naye alipigwa risasi. Aliyemfyatulia alikuwa mtu wa mrengo wa kushoto kabisa aliyemshuku kwamba alihusika na kifo cha Eisner. Auer alipona. Nakutajia haya uone hali ya mji: kufikia wakati Hitler anapanda jukwaani, damu ilikuwa imeshamwagika, na kila upande ulikuwa na maiti wake wa kukumbuka.

Na kila upande ulikuwa na gazeti lake. Hapa ndipo pa kuelewa. Mfanyabiashara wa Munich, daktari au mwalimu wa shule ya sekondari alisoma Münchner Neueste Nachrichten, gazeti kubwa la mji. Mkatoliki mwaminifu wa chama chake alisoma Bayerischer Kurier. Mfanyakazi wa SPD alisoma Post. Mnamo Desemba 1920 chama cha Hitler nacho kikanunua gazeti lake, Völkischer Beobachter. Ungeweza kumwona mtu barabarani, ukaangalia gazeti lililo kwapani mwake, ukajua anampigia nani kura, anasali wapi, na pengine anakunywa bia wapi. Kununua gazeti la upande wa pili kulikuwa kama kuvaa jezi ya Gor Mahia ukaenda kukaa katikati ya mashabiki wa AFC.

Sasa tuje kwa Hitler. Katikati ya mwaka wa 1921 kulikuwa na mvutano ndani ya chama chake, na waliompinga walisambaza waraka wa siri wakimwita mroho wa madaraka na kuuliza pesa zake zinatoka wapi. Münchener Post liliupata, likauchapisha. Hitler akakimbilia mahakamani kudai amechafuliwa jina. Huo ukawa mtindo wao kwa miaka: gazeti linaandika, yeye anashtaki, gazeti linaandika tena. Kwake lilikuwa Giftküche, jiko la sumu. Waandishi wa Post hawakuonekana kuumizwa sana na jina hilo.

Usiku wa tarehe 8 Novemba 1923 Hitler alijaribu kuipindua serikali. Aliingia na bunduki kwenye ukumbi wa bia uitwao Bürgerbräukeller, akatangaza kwamba mapinduzi yameanza. Mji mzima ulikuwa na kambi za jeshi, vituo vya polisi na ofisi za serikali za kuteka. Hata hivyo usiku huohuo kikosi chake maalumu kilitumwa Altheimer Eck, mtaa wa katikati ya mji ulipokuwa na ofisi za Münchener Post. Wakavunja vioo na samani, wakavuruga kila kitu. Wakaenda pia nyumbani kwa Auer. Hawakumkuta, wakamtisha mkewe na kumchukua mkwewe mateka. Kesho yake mapinduzi yalizimwa kwa risasi. Wafuasi 16 wa Hitler walikufa, na polisi wanne pia.

Hebu fikiria hapo kidogo. Mtu yuko katikati ya kupindua serikali, saa zinahesabika, na bado anapata nafasi ya kutuma watu wakavunje gazeti. Msomaji makini kuliko wote wa Münchener Post alikuwa adui yake. Alijua kila lilichoandika na kilimwasha.

Hitler alihukumiwa miaka mitano gerezani, na kufikia Desemba 1924 alikuwa ameshatoka. Mahakama za Bavaria zilikuwa na huruma ya ajabu kwa watu wa mrengo wake. Kwa Münchener Post hazikuwa nayo. Mwaka wa 1925 mhariri wake, Martin Gruber, alishtakiwa na Paul Nikolaus Cossmann, mwenye jarida la kizalendo lililokuwa likieneza dai kwamba jeshi la Ujerumani halikushindwa vitani mwaka wa 1918, ila lilichomwa kisu mgongoni na wasoshalisti wa nyumbani. Gruber aliandika kwamba huo ni upotoshaji wa historia. Kesi ilivuta majenerali, wanasiasa na wanahistoria kutoa ushahidi kwa wiki kadhaa, na mengi yaliyosemwa kizimbani yalilibomoa dai hilo. Mwisho wa yote Gruber akatozwa faini ya marki 3,000. Cossmann mwenyewe alikuwa mtu wa asili ya Kiyahudi aliyebatizwa Mkatoliki. Watu walionufaika na dai lake la kisu mgongoni ndio waliokuja kumpeleka kambi ya Theresienstadt, na huko akafia mwaka wa 1942.

Mwaka wa 1928 chama cha Hitler kilipata asilimia 2.6 tu ya kura za Ujerumani. Ungeweza kukicheka. Kisha uchumi wa dunia ukaporomoka, kazi zikapotea, na mnamo Septemba 1930 kikapata asilimia 18.3 na viti 107. Münchener Post likaongeza moto. Mwaka wa 1931, mpwa wake Hitler, Geli Raubal, alipokutwa amekufa kwa risasi katika nyumba waliyoishi pamoja, gazeti likaandika kuhusu ugomvi kati yao, na Hitler akatoa taarifa ya kukanusha. Mwaka huohuo likaanika maisha ya kimapenzi ya Ernst Röhm, mkuu wa SA, jeshi la mgambo lenye mashati ya kahawia, likimcheka kwa kuwapenda wanaume.

Hapa mimi husita. SPD kilikuwa chama ambacho kwa miaka kilitaka sheria ya kuwafunga wanaume kama Röhm ifutwe. Na bado gazeti lake likatumia chuki hiyohiyo kama rungu kwa sababu lilimpata adui wa kumpiga nayo. Wenye kulisoma walicheka. Hitler akamwacha Röhm kazini mwake kana kwamba hakuna kilichoandikwa, hadi yeye mwenyewe alipoamua kumuua mwaka wa 1934. Lile rungu liliwaumiza wengine, watu ambao hawakuwa na jeshi la kuwalinda.

Lakini Desemba ya mwaka huohuo wa 1931 Münchener Post lilitoa habari ambayo, ukiisoma leo, mwili unasisimka. Lilieleza mpango wa siri wa Wanazi juu ya Wayahudi siku watakaposhika serikali: watolewe kazini, wavuliwe haki za uraia, wazuiwe kuoana na Wajerumani, na wengine wapelekwe kufanyishwa kazi za shokoa kwenye mabwawa chini ya ulinzi wa SS. Katika habari hiyo mlikuwa na neno ambalo dunia ingekuja kulitetemekea, Endlösung, yaani suluhisho la mwisho. Ilikuwa zaidi ya mwaka mmoja kabla Hitler hajaapishwa. Iliandikwa gazetini, ikauzwa mtaani, ikasomwa na watu wakinywa kahawa.

Kisha? Kisha hakuna. Julai 1932 chama cha Hitler kilipata asilimia 37.3, kikawa kikubwa kuliko vyote bungeni.

Nikirudi kwa swali langu la wasomaji, hesabu zenyewe zinasema. Munich wakati huo ulikuwa na watu zaidi ya laki sita. Mwaka wa 1928 SPD ilipata kura zaidi ya milioni tisa kote Ujerumani. Ilikuwa na magazeti karibu 200, mengi yakiwa ya kila siku na ya mikoa kama hili. Lakini nakala zote za magazeti hayo, ukizijumlisha, zilikuwa milioni moja na kitu. Maana yake hata wapiga kura wake wenyewe, wengi wao, walikuwa wakisoma kitu kingine: gazeti la mji lenye matangazo mengi, habari za michezo na siasa kidogo. Waliobaki na gazeti la chama walikuwa wale wenye kadi ya chama, wale ambao hawakuhitaji kuambiwa kwamba Hitler ni hatari. Walishajua. Kila asubuhi gazeti liliwathibitishia walichokwisha kukiamini jana usiku.

Na gazeti liliandika kwa lugha yao. Lilikejeli, likatania, likatumia vijembe ambavyo mtu wa chama angevicheka kabla hata ya kumaliza sentensi. Muuza duka Mkatoliki aliyekuwa na mashaka na Hitler, lakini akiwaogopa wasoshalisti zaidi, asingeweza kuingia nyumba hiyo. Mlango wenyewe ulikuwa umeandikwa "si kwenu."

Tena huyo muuza duka alikuwa na mtu wa kumwambia. Jina lake Fritz Gerlich. Huyu miaka ya ishirini alikuwa mhariri mkuu wa Münchner Neueste Nachrichten, gazeti la wenye nazo, na mwanzoni hakuwa mbali na siasa za wazalendo wa mrengo wa kulia. Baada ya lile jaribio la 1923 akageuka kuwa adui mkubwa wa Hitler. Baadaye akawa Mkatoliki na kuendesha gazeti la kila wiki, Der gerade Weg, njia iliyonyooka. Humo aliandika kwamba ushindi wa Wanazi utaleta vita, uongo na chuki. Ukiweka kurasa zake kando ya zile za Münchener Post utadhani ziliandikwa na watu waliokaa meza moja. Hawakukaa. Gerlich aliwaona wasoshalisti kama watu waliopotea, nao walimwona kama mtu wa makasisi na makabaila. Magazeti mawili, mji mmoja, onyo lilelile, na wasomaji wasiotembeleana.

Wavamizi hawakuwa na ubaguzi huo. Tarehe 9 Machi 1933, siku nne baada ya uchaguzi ambao Wanazi walipata asilimia 43.9, walishika madaraka ya Bavaria. Jioni hiyohiyo SA waliingia Altheimer Eck, wakaharibu ofisi na mitambo, wakatupa makaratasi nje. Jioni hiyohiyo pia walimwendea Gerlich ofisini kwake, wakampiga, wakamchukua. Münchener Post halikutoka tena. Siku 13 baadaye kambi ya Dachau ilifunguliwa, nje kidogo tu ya mji.

Zerfaß, yule mshairi wa bustani, alifungwa Dachau mwaka huo. Alipoachiliwa alitorokea Uswisi, na mwaka wa 1936 akatoa kitabu kuhusu kambi hiyo kwa jina la kubuni. Gerlich hakutoka. Aliuawa Dachau usiku wa kuamkia tarehe 1 Julai 1934, katika operesheni ileile iliyommaliza Röhm. Auer alikamatwa mara kadhaa, akafa Machi 1945, vita vikiwa vimebakiza wiki chache.

Aliyerudi gazetini ni Edmund Goldschagg, mhariri wa siasa wa Post. Alihamia Freiburg, mji wa kwao, na mwaka wa 1944 yeye na mkewe walimficha nyumbani mwanamke wa Kiyahudi, Else Rosenfeld, hadi alipofanikiwa kuvuka mpaka kuingia Uswisi. Vita vilipoisha Wamarekani waliokuwa wakitawala Bavaria walimtafuta. Magazeti yote ya zamani yalikuwa yamefungwa, na hakuna aliyeruhusiwa kuchapisha bila leseni. Leseni ya kwanza ya Bavaria ilitoka tarehe 6 Oktoba 1945, kwa gazeti jipya liitwalo Süddeutsche Zeitung. Vibao vya risasi vilivyotumika kuchapisha kitabu cha Hitler viliyeyushwa siku hiyo ili kutengeneza vibao vya toleo la kwanza.

Kila mtu hupenda kusimulia habari ya vibao. Mimi navutiwa zaidi na majina yaliyokuwa kwenye leseni. Waingereza, kaskazini, walikuwa wakigawa leseni nyingi kwa kufuata vyama, hiki gazeti lake na kile gazeti lake, kama zamani. Wamarekani walipendelea kuwaweka watu wa mirengo tofauti kwenye gazeti moja. Goldschagg alikuwa msoshalisti. Pembeni yake aliwekwa Franz Josef Schöningh, mtu wa majarida ya Kikatoliki, pamoja na August Schwingenstein. Yule muuza duka na yule fundi wa treni sasa wangefungua kurasa zilezile.

Usidhani mambo yalikuwa safi. Miaka mingi baadaye ilikuja kuandikwa wazi kwamba Schöningh, wakati wa vita, alikuwa afisa wa utawala wa Kijerumani huko Tarnopol, eneo ambalo Wayahudi wake waliangamizwa. Goldschagg aliyemficha mkimbizi na mtu huyo walikuwa katika chumba kimoja cha habari, wakijenga gazeti moja. Nyumba ya pamoja ilikuwa na siri zake chini ya zulia.

Leo Süddeutsche Zeitung linasomwa Ujerumani nzima. Münchener Post limebaki kwenye hifadhi za maktaba. Tukiwataja waandishi wake leo tunawataja kama mashujaa, na wanastahili. Lakini mimi nikifikiria ile habari ya Desemba 1931, simfikirii sana aliyeiandika. Namfikiria yule mtu wa nyumba ya pili, ghorofa moja, ngazi moja, ambaye asubuhi hiyo alifungua gazeti jingine, akasoma matokeo ya mpira na bei ya siagi, akakunja, akaenda kazini. Habari ilikuwa mlango wa pili kutoka kwake. Kwenye grupu zetu za WhatsApp, ile ya familia, ile ya kanisa, ile ya wanafunzi wa zamani, na ile tunayokutana sisi tunaokubaliana, nani anaibeba habari kutoka mlango mmoja hadi mwingine, tena kwa lugha ambayo wa mlango huo ataivumilia hadi mwisho?